Kufungua na Kufunga Kabureta: Historia ya Maneno ya Ufundi katika Arusha na Meru

Utangulizi

Kazi ya kukuza istilahi hudhaniwa na wengi kuwa ni kazi ya ofisini peke yake: kamati hukaa, orodha ya dhana huletwa, majina hupendekezwa na kujadiliwa, na hatimaye husanifiwa. Utaratibu huo ni wa lazima, na Baraza limeufuata tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Lakini ipo kazi nyingine ya istilahi isiyokuwa na mwenyekiti wala katibu, nayo hufanyika kila siku chini ya mti, kando ya barabara na barazani kwa watu. Fundi akikifungua kifaa hana budi kukitaja. Akimtuma kijana wake dukani, hana budi kumpa jina ambalo muuza duka atalielewa. Jina likikosewa, kijana hurudi na kifaa kisichofaa, pesa ya mwenye chombo hupotea, na chombo hulala.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama kazi hiyo ya pili kwa njia ya kifaa kimoja kidogo, nacho ni kabureta ya pikipiki. Tumeichagua kabureta kwa sababu tatu. Kwanza, ni kifaa ambacho mtu mwenye bisibisi, spana chache na subira anaweza kukifungua na kukifunga mwenyewe nyumbani, na wengi katika mji wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru hufanya hivyo. Pili, ndani ya kifaa hicho kisichozidi ukubwa wa ngumi mna vipande zaidi ya kumi, na kila kimoja kina jina au kinalihitaji. Tatu, majina hayo yameingia katika Kiswahili kwa njia mbalimbali na nyakati mbalimbali, kiasi kwamba anayeifunga kabureta, bila yeye kujua, huipitia historia ya lugha yetu kipande kwa kipande.

Asili ya chombo na jina lake

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla ya mchanganyiko huo kuingia katika silinda na kuwashwa na plagi. Kwa uzito, kila sehemu moja ya petroli huhitaji karibu sehemu 15 za hewa ili iungue vizuri. Injini za kwanza za petroli zilipata mchanganyiko huo kwa kuipitisha hewa juu ya mafuta ili ichukue mvuke wake. Njia hiyo ilikuwa dhaifu, kwani mvuke ulibadilika kwa joto, kwa baridi na kwa mtikisiko wa barabara. Mwaka 1893 wahandisi wawili wa Hungaria, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta inayonyunyiza petroli kwa tundu jembamba. Na katika mwaka huohuo Wilhelm Maybach wa Ujerumani naye alikuwa na chombo cha namna hiyo. Kanuni waliyoitumia ilikuwa ya zamani zaidi. Daniel Bernoulli aliieleza mwaka 1738, na Giovanni Battista Venturi akaichunguza katika maandishi yake ya mwaka 1797: hewa au maji yakipita mahali palipobana huenda kasi, na msukumo wake hupungua. Msukumo ukipungua, petroli iliyo chini huvutwa juu kupitia tundu, nayo hutoka ikiwa matonematone madogo.

Jina lenyewe halikuundwa kwa ajili ya magari. Wanakemia wa Ufaransa walikuwa na neno la kutajia kitu kilichoungana na kaboni, na kutokana na neno hilo likapatikana jina la chombo cha kuitia hewa mvuke wenye kaboni. Waingereza waliichukua istilahi hiyo, na kutoka kwao ikafika kwetu ikiwa kabureta. Wajerumani hawakufanya hivyo. Wao waliunda jina kutokana na kitenzi chao cha kugeuza kitu kuwa gesi. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mataifa yenye viwanda yana jina moja la kila kitu. Nayo yalichagua: mengine yakakopa, mengine yakaunda.

Njia mbili za maneno

Eneo la Arusha liliingia katika utawala wa Wajerumani kwa vita, na boma lao lililojengwa mjini karibu na mwaka 1900 lipo mpaka leo, likiwa makumbusho. Utawala huo ulikiachia Kiswahili maneno machache tu, kama shule na hela. Maneno ya mashine hayakutoka kwao kwa wingi, maana wakati wao mashine za barabarani zilikuwa chache mno. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yaliyoingia kutoka Kenya yalikuwa na kikosi cha askari wa pikipiki kutoka Afrika Kusini. Baada ya vita nchi ikawa chini ya Waingereza, na kwa hiyo lugha ya vipuri, ya vitabu vya maelekezo na ya karakana ikawa Kiingereza.

Mwaka 1929 reli iliyotoka Moshi ilifika Arusha. Baadaye kidogo, tarehe 1 Januari 1930, Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, kama ilivyokubaliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yanatuonyesha njia mbili ambazo maneno yalipitia. Kamati ilishughulika na maandishi: tahajia, vitabu vya shule na kamusi, ikiwamo ile ya mwaka 1939 iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Reli na barabara zilileta vyuma, na pamoja na vyuma vikaja vinywa vya watu: mafundi wa Kihindi, Masingasinga wakiwamo, walowezi wenye mashamba, madereva kutoka pwani, na vijana wa Kiarusha na Kimeru waliokwenda kushika spana ili wapate ujuzi. Lugha iliyowaunganisha watu hao wote ilikuwa Kiswahili. Kwa vijana wengi wa mlimani, ambao nyumbani husema Kimaasai cha Waarusha au Kimeru, Kiswahili cha gereji kilikuwa lugha ya kazi kabla ya kuwa lugha ya kitabu.

Mji wenyewe hutunza ushahidi wa njia hiyo ya pili. Mtaa wa Unga Limited ulipata jina lake kutokana na kampuni ya kusaga nafaka iliyokuwa hapo. Neno la kwanza ni Kiswahili, la pili ni la sheria ya makampuni ya Kiingereza, na wananchi wameyaunga yakawa jina la mahali bila kumwomba mtu ruhusa. Ukitembea katika mtaa kama huo utawasikia mafundi wakiunga maneno kwa namna hiyohiyo.

Tuanze na zana zilizo mkononi. Parafujo na bomba tulivipata kwa Wareno. Msumari ni wa asili ya Kiarabu. Gari latoka Uhindini. Spana, nati, plagi na silinda ni za Kiingereza. Pikipiki hatukuikopa kwa mtu. Waliomsikia mgeni huyo akipita walimwita kwa mlio wake. Hakuna fundi anayesimama kuuliza neno lipi ni la nani. Maneno yote hayo hufuata sarufi moja, nayo ni sarufi ya Kiswahili.

Tuifunge kabureta

Mafundi husema kufungua wakiwa na maana ya kutenganisha vipande, na kufunga wakiwa na maana ya kuvirudisha mahali pake. Vitenzi hivi vilikuwapo kwa ajili ya mlango na mzigo, navyo vilipopewa kazi mpya havikulalamika. Tuchukulie basi kwamba kabureta ya pikipiki ya kawaida, yenye injini ya ujazo wa sentimita 125 au 150, imekwisha kufunguliwa. Vipande vimeoshwa kwa petroli kidogo na brashi laini, vimepulizwa, na vimepangwa juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu wa kutoka kwake. Kazi hii hufanywa nje penye upepo, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara, kwa kuwa mvuke wa petroli hauonekani nao hutambaa chini mpaka ukutane na moto.

Kipande cha kwanza kurudi ni jeti. Ni kipande kidogo cha shaba nyeupe au ya njano chenye tundu katikati, na kazi yake ni kupima petroli inayopita. Zipo mbili: jeti kubwa, inayofanya kazi mkono wa mafuta unapovutwa sana, na jeti ndogo, inayofanya kazi injini ikiwa imetulia. Namba iliyochorwa juu yake hueleza ukubwa wa tundu. Kwa baadhi ya viwanda namba 100 ni tundu lenye upana wa milimita 1. Ndiyo sababu fundi mwenye adabu ya kazi haingizi waya wa chuma katika jeti ili kuizibua. Waya hulikwangua tundu, na tundu likipanuka hata kwa sehemu ndogo ya milimita, namba iliyoandikwa huwa uongo. Neno jeti tumelikopa pamoja na kifaa. Wapo wanaolionea shaka kwa kuwa lipo pia katika ndege ya jeti, lakini hatari ya kukoroganya haipo: hakuna anayekwenda dukani kununua ndege. Maneno kubwa na ndogo yanayoongezwa na mafundi ni Kiswahili safi, nayo hutofautisha dhana kwa uwazi zaidi kuliko namba za kitabu.

Baada ya jeti hufuata boya. Hiki ni kipande chepesi kinachoelea juu ya petroli ndani ya bakuli la chini. Petroli ikipungua, boya hushuka na njia ya mafuta hufunguka; petroli ikijaa, boya hupanda na njia hufungwa. Mkulima wa Meru hana haja ya kuelezwa sana habari hii. Mteremko wa mlima huo una mifereji ya kumwagilia mashamba iliyochimbwa na wenyeji tangu zamani, na kila mwenye zamu hujua namna ya kuziba na kuzibua mlango wa mfereji ili shamba lipate maji ya kutosha, wala lisifurike. Boya ni mlinzi wa mfereji asiyelala.

Kuhusu jina, hapa pana mashindano ya maneno matatu. Wapo mafundi wasemao floti, kwa kufuata Kiingereza. Lipo boya, ambalo mabaharia wa pwani wamelitumia kwa muda mrefu kwa kitu kinachoelea baharini. Na lipo chelezo, neno la kale la wavuvi, lenye uhusiano na kitenzi kuelea. Kwa kanuni ya kutanguliza neno lililomo tayari katika Kiswahili, chelezo lingeshinda. Lakini historia ya usanifishaji inatufunza kwamba neno halishindi kwa umri wake tu. Fundi wa Ngaramtoni au Usa River hakukulia ufukoni, na chelezo kwake ni neno geni kuliko floti. Boya lina nafasi ya kati: ni neno la pwani, limo katika kamusi, na limekwisha kupanda bara, ingawa vijana wa mjini wamelifanya pia kuwa jina la mtu mzubaifu. Sisi twaona kwamba mzaha huo haulizuii. Maneno mengi ya kazi yana pacha wake wa mtaani, na kila pacha hujua nyumba yake.

Sindano mbili

Pamoja na boya hukaa kipande chenye ncha, kinachoingia katika kiti chake na kuifunga petroli boya linapopanda. Jina lake ni sindano. Hapo ndipo tatizo kubwa la kwanza la istilahi linapotokea, kwa sababu sindano nyingine iko juu, nayo huning'inia katika slaidi na kushuka ndani ya jeti. Sindano ya chini hufunga na kufungua. Sindano ya juu hupima. Ile ya chini ikila au ikishikwa na uchafu, petroli humwagika nje kwa mpira wa chini, na pikipiki iliyolazwa ndani ya nyumba yaweza kuleta msiba. Ile ya juu ikikaa vibaya, pikipiki hula mafuta mengi au hukosa nguvu mlimani, lakini nyumba haiungui.

Kwa hiyo kijana anayetumwa dukani kununua sindano ya kabureta ametumwa na nusu ya jina. Kanuni ya istilahi isemayo kwamba dhana moja iwe na jina moja, na jina moja liwe la dhana moja, si mapambo ya wanaisimu, inatakiwa dukani. Mafundi wazoefu wamekwisha kuitambua haja hiyo na husema sindano ya boya na sindano ya slaidi. Kamati haina haja ya kubuni zaidi ya hapo. Yafaa iyapokee majina hayo, iyaandike, na iyapeleke yawe ya kila mahali.

Sindano ya slaidi ina mikato midogo kichwani, kwa kawaida mitano, na kipini chembamba hushikizwa katika mmojawapo. Kipini kikipandishwa mkato mmoja, sindano hushuka na petroli hupungua. Kikiteremshwa, sindano hupanda na petroli huongezeka. Anayefungua kabureta kwa mara ya kwanza aandike mkato uliotumika kabla hajaondoa chochote.

Slaidi yenyewe hurudishwa pamoja na springi na waya wa mafuta. Upande wake mmoja umekatwa kwa chini, na upande huo hutazama kwenye chujio la hewa. Upande mwingine una mfereji unaopokea ncha ya skrubu. Slaidi ikiingizwa kinyume haishuki mpaka mwisho, na injini ikiwashwa hupiga kelele kwa kasi isiyozuilika. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, mkono wa mafuta huvutwa na kuachwa mara kadhaa, na usukani huzungushwa kushoto na kulia, mpaka slaidi isikike ikigonga chini kila mara.

Sailensa na upepo

Zimebaki skrubu mbili za nje, na hizi ndizo zenye historia ya maneno ya kuvutia kuliko zote. Ya kwanza huinyanyua slaidi kidogo ili injini isizime mkono wa mafuta unapoachwa. Mafundi wa Tanzania huiita skrubu ya sailensa, na mwendo ule wa injini iliyotulia huitwa sailensa. Husema sailensa iko juu, au injini haina sailensa. Katika Kiingereza neno lililo karibu nalo ni jina la bomba la kuzuia kelele za moshi. Lakini kifaa hicho mafundi wetu hukiita eksozi. Neno limeacha kifaa lilichokuja nacho, likahamia katika hali ya injini, pengine kwa kuwa injini yenye mwendo huo ni kimya zaidi. Atakayeandika kamusi ya ufundi kwa kufuata Kiingereza peke yake atalieleza sailensa kuwa ni bomba la moshi, na mwanafunzi atakayeisoma atakwenda kushika mahali pengine kabisa pa pikipiki. Neno lililokopwa ni raia wa lugha iliyolikopa. Maana yake huulizwa kwa wenyeji wapya, si kwa wenyeji wa zamani.

Skrubu ya pili huitwa skrubu ya upepo. Kamusi hutofautisha hewa na upepo: hewa ni ile tunayoivuta, upepo ni hewa inayokwenda. Mwalimu wa fizikia angeweza kumsahihisha fundi amwambie aseme hewa. Lakini tumekwisha kuona kwamba kinachoivuta petroli kutoka katika bakuli ni mwendo wa hewa. Hewa iliyosimama haivuti kitu. Fundi asemaye upepo, kama asemavyo kujaza upepo katika tairi, ameichagua sifa ambayo Bernoulli na Venturi waliiandikia vitabu.

Hata hivyo, jina hili nalo lina mtego, na mtego huo ni mkubwa kuliko ule wa sindano. Kabureta ni za aina mbili. Katika aina moja skrubu hiyo imekaa upande wa chujio, nayo hupima hewa: ukiifungua, hewa huongezeka na mchanganyiko hupungukiwa na petroli. Katika aina nyingine skrubu imekaa upande wa injini, nayo hupima mchanganyiko wenyewe: ukiifungua, petroli huongezeka. Zote mbili huitwa skrubu ya upepo, ilhali kuzigeuza upande mmoja huleta matokeo yaliyo kinyume. Anayefuata maelekezo ya pikipiki ya jirani anaweza kuharibu kwa bidii kile alichotaka kutengeneza. Sisi twapendekeza kwamba skrubu ya upepo libaki kuwa jina la ile ya upande wa chujio, na ya upande wa injini iitwe skrubu ya mchanganyiko. Zote mbili zikirudishwa, hukazwa taratibu mpaka zikae bila kulazimishwa, kisha hufunguliwa kwa idadi ya mizunguko iliyohesabiwa wakati wa kuzitoa.

Mlima nao una neno lake

Mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vingi vya mteremko wa Meru viko juu zaidi; mlima wenyewe unazidi mita 4,500. Katika mwinuko wa mji huo, hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu 13 katika kila 100 kuliko ile ya Tanga au Dar es Salaam. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kutoa petroli karibu kama ilivyozoea pwani, ilhali hewa ni pungufu. Matokeo yake plagi huwa nyeusi kwa masizi, moshi huwa mweusi na mafuta huisha upesi. Dawa ni jeti yenye tundu dogo zaidi, au kuishusha sindano ya slaidi mkato mmoja.

Kwa hali hii Kiingereza husema kwamba mchanganyiko ni tajiri, na kinyume chake husema umekonda. Tukitafsiri neno kwa neno tutapata usemi ambao msikilizaji hawezi kuuelewa mpaka ajue Kiingereza kwanza. Na tafsiri ya namna hiyo ina faida gani? Fundi husema mafuta mengi na mafuta machache, au husema tu plagi nyeusi na plagi nyeupe, akiitaja dalili badala ya ugonjwa. Kwa vitabu vya mafunzo twaona mchanganyiko mzito na mchanganyiko mwepesi yatafaa. Mtu anayepika uji ayajua maneno hayo tangu utotoni, na huzijua hali zote mbili kwa macho.

Kutoka uhaba hadi wingi

Maneno ya gereji yalikazwa hasa na miaka ya shida. Kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973, na vita dhidi ya Idi Amin vya miaka ya 1978 na 1979, viliikausha nchi fedha za kigeni. Vipuri vikawa adimu mpaka serikali ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984. Katika miaka hiyo kifaa hakikutupwa. Kilifunguliwa, kikaoshwa, kikafungwa tena, na gasketi ilikatwa kutoka katika boksi la karatasi ngumu. Kadiri kifaa kinavyofunguliwa mara nyingi, ndivyo vipande vyake vinavyotajwa mara nyingi. Wakati huohuo ufundi ulikuwa unajengewa shule: Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani Magharibi ya wakati huo.

Kisha ukaja wingi. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na Uhindi zilienea, na mwaka 2010 zikatolewa kanuni za leseni za kubebea abiria kwa pikipiki na kwa magurudumu matatu. Neno bodaboda, lililozaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda kwa ajili ya baiskeli za kuvushia watu, likawa neno la kila mji wetu. Bajaji, lililokuwa jina la kampuni, likawa jina la chombo chochote cha magurudumu matatu. Vijana wengi waliingia katika kazi hiyo, na kila asubuhi riziki ya nyumba nyingi za Arusha hutegemea kabureta iliyofungwa vizuri.

Vijana hao wana ujuzi, lakini ujuzi wao unapita kwa mdomo tu. Maelekezo ya kiwanda huja kwa lugha za kigeni, na elimu ya ufundi ya ngazi za juu hutolewa kwa Kiingereza. Kwa hiyo huzuka mafundi wa namna mbili: mmoja amesoma na hujua jina la kitabu, mwingine hujua mkono wake unafanya nini; nao wakikutana mbele ya pikipiki moja hushindwa kufundishana kwa kukosa maneno ya pamoja. Hasara hiyo haiwezi kuondolewa kwa kuongeza spana.

Hitimisho

Kutokana na historia hii twaona mambo matatu yanayopaswa kuzingatiwa katika istilahi za ufundi:

(a) Kabla ya kuunda neno, maneno yanayotumika kazini yakusanywe kwanza, kila neno pamoja na maana yake ya kazini, kama tulivyoona katika sailensa.

(b) Kamati iweke nguvu zake pale ambapo jina moja limebeba dhana mbili, kama vile sindano na skrubu ya upepo, kwa kuwa hapo ndipo kuna hasara na hatari. Mahali ambapo jeti na kabureta zinaeleweka na wote, zisibadilishwe kwa ajili ya usafi wa lugha peke yake.

(c) Istilahi zikisha kusanifiwa zirudi kwa mafundi katika umbo linalosomeka, yaani mchoro wenye majina unaoweza kubandikwa ukutani, badala ya kubaki katika orodha isiyofika gereji.

Kazi hii haiwezi kusubiri sana. Mfumo wa injekta unaoongozwa na umeme umeanza kuchukua nafasi ya kabureta. Uhindi, kwa kanuni zake za moshi zilizoanza Aprili 2020, imeulazimisha mfumo huo uenee katika pikipiki mpya zinazouzwa huko. Kabureta zilizopo Afrika Mashariki zitaishi miaka mingi bado, lakini hazitaishi milele, na fundi anayestaafu huondoka na maneno yake. Neno lililoundwa na watu wengi kwa muda wa miaka tisini laweza kupotea katika kizazi kimoja likiwa halijaandikwa mahali popote.

Tunawaomba wasomaji wetu, hasa walimu wa ufundi na mafundi wenyewe, watuletee majina ya vipande vya pikipiki kama yanavyotumika kwao, wakieleza kila jina hutaja kipande gani na kipande hicho hufanya kazi gani. Atakayetuletea mchoro uliochorwa kwa mkono, hata wenye alama za mafuta, atakuwa ametusaidia zaidi kuliko atakayetuletea orodha iliyopigwa chapa vizuri lakini isiyoonyesha kipande chenyewe.